Waya wa Kupimia Maganda

Kila theluji ya kwanza ikianguka, jirani yangu mzee humwaga maganda ya risasi kwenye meza ya jikoni. Bunduki yake ya wenzo, ya kukokwa kwa mkono, ni ya kale, maganda yake hayatengenezwi tena, kwa hiyo yaliyokwisha kufyatuliwa huyajaza baruti upya. Huingiza waya uliopinda ncha, hufumba macho, akipapasa kama ndani kuna mfuo, dalili ya ufa unaoanza. Lenye mfuo hukatikia ndani ya bunduki, basi hulitupa.

Leo alipima moja akasema, "Hili zima, Hazel."

Kitakoni mwa ganda hilo ufa ulikuwa unaonekana hata kwa nje. Nikacheka. "Zima wapi, mzee? Unataka likupasukie usoni?"

Alipima tena, polepole, akapapasa na nje kwa kidole asiupate ufa, kisha akanisukumia waya.

"Bunduki iko nyuma ya mlango," alisema. "Ichukue ukiondoka."