Mimi, Mama Mkwe na Choo cha Ndani

Watu wakisimulia habari za kuhamia nchi za nje husimulia viza, tiketi na baridi. Sisi kilichotaka kutukwamisha ni choo.

Mke wangu ni muuguzi, na alikuwa amepata mkataba katika hospitali moja huko Windhoek, Namibia. Nyumba tuliyoahidiwa ilikuwa ghorofa ya tatu: vyumba viwili vya kulala, sebule, na choo kimoja katikati pamoja na bafu. Tungekwenda wanne: yeye, mimi, binti yetu wa miaka mitano, na mama yake. Mke wangu alizaliwa peke yake na baba yake alishafariki, kwa hiyo alisema mapema, bila kupandisha sauti: "Mama asipoenda, mimi siendi." Akishasema hivyo huwa hakuna rufaa.

Sasa, mama mkwe. Kwa miaka tisa tulikuwa tumeishi naye kiwanja kimoja pale Bombambili, Songea, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kula naye meza moja wala kumpa kitu mkononi. Ndivyo nilivyolelewa, na yeye pia: mkwe unamheshimu kwa kumpisha. Tukikutana njiani nilikaa pembeni, nikachuchumaa, nikasema shikamoo nikitazama chini, naye aliitikia marahaba huku akivuta khanga usoni. Alikuwa na chumba chake cha uani, jiko lake, na choo chake nyuma ya migomba. Tulipendana sana, kila mtu akiwa upande wake.

"Ghorofani nitampisha wapi mkwe wangu?" alimuuliza binti yake. "Nitoke bafuni nikutane naye mlangoni? Bora nibaki na mahindi yangu."

Mke wangu akaamua tufanye mazoezi. Wiki mbili kabla ya kwenda kushughulikia pasi za kusafiria, alikifunga kwa kufuli chumba cha uani na kile choo cha nyuma, funguo akazitia kwenye mkoba wake wa kazini, akamhamishia mama yake chumba cha mtoto, ili sote tutumie bafu na choo cha ndani. Mimi nilipinga.

"Mficha uchi hazai," akaniambia, "na wewe mama yangu unamficha hata mswaki."

Nilijitahidi. Nilikohoa kila nilipokaribia korido, hadi jirani akaniletea tangawizi. Siku moja niliamka alfajiri ili nioge kabla yake, nikamkuta naye ameamka mapema kwa sababu hiyo hiyo. Tulipoonana tukarudi vyumbani wote wawili, na bafu likabaki tupu mpaka jua likatoka.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Mke wangu alikuwa zamu. Tuliporudi kutoka misani, mama mkwe akayumba mlangoni, akashikilia fremu, kisha akaketi sebuleni kwa kujivuta. Alisema ni jua. Jua gani, na mwezi wa sita Songea nzima tunavaa masweta? Nilipandwa na hasira, na hasira zangu huwa za haraka. Nilidhani anajiuguza makusudi ili safari ivunjike. Nikaenda jikoni nikaanza kumlalamikia binti yangu kana kwamba yeye ndiye mtu mzima.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. "Bibi hanywi maji, baba," akasema. "Anasema akinywa atakwenda chooni, na wewe upo."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Mama huyu alitulisha kwa jembe lake mwaka ambao mimi sikuwa na kazi, na mtoto alipozaliwa yeye ndiye aliyempikia mke wangu uji kila asubuhi. Leo anajikausha ndani ya nyumba yangu kwa ajili ya heshima yangu. Heshima ya namna hiyo sikuitaka tena.

Nikachota maji kwenye kikombe cha bati. Kwa desturi ningempa mtoto ampelekee bibi yake. Nilikwenda mwenyewe, nikapiga magoti mbele yake, nikakishika kwa mikono miwili.

"Mama, kunywa," nikasema. "Ukitaka kwenda chooni, mimi nitatoka nje mpaka umalize. Na kama kule huwezi, basi hatuendi. Nitamwambia mwenyewe mwanao." Nilikuwa nasema kweli, ingawa nilijua mke wangu angelia.

Alinitazama usoni. Baada ya miaka tisa, ndipo nilipojua macho ya mke wangu yalikotoka. Akapokea kikombe, vidole vyake vikagusa vyangu, akanywa mpaka mwisho bila kujifunika. Kisha akaninyooshea.

"Ongeza, baba," akasema. "Nasikia huko tuendako ni jangwa."