Upande wa Kulia wa Goli

Waendesha bodaboda walioegesha pikipiki zao kando ya ukuta wa kanisa walikuwa wameshanihukumu kabla kocha hajafungua mdomo. Kila jioni walibishana kwa sauti, kana kwamba mimi ni kiziwi. Yule anafunga, walisema. Huyu mwingine kazi yake nini, kukimbia huku na huku na kunyoosha mikono? Nilikuwa nawasikia vizuri sana, na hilo hilo ndilo kocha alilokuwa anajiuliza.

Timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu, hapa Ifakara, ilikuwa imealikwa kucheza Morogoro. Wachezaji karibu wote walishajulikana, ikabaki nafasi moja. Tulioigombea tulikuwa wawili, mimi na binti mmoja mdogo kwangu, jirani yangu, aliyeniita dada na kurudi nami nyumbani kila baada ya mazoezi. Hatukuwa nyota wa timu, si mimi wala yeye. Tulikuwa watu wa kuingia kwa dakika chache, kufanya kazi moja na kutoka. Yake ilikuwa kusimama kona na kufunga kwa mbali. Yangu ilikuwa kumkaba mtu mpaka auchukie mchezo.

Kazi ya kukaba haina mashahidi. Ukifunga, mpira unapita kwenye wavu na watu wanapiga makofi. Ukimzuia mtu asifunge, hakuna kilichotokea, na nani apige makofi kwa kitu ambacho hakikutokea? Nilishazoea. Lakini mwaka huo sikutaka kuzoea. Mume wangu alikuwa amepata kazi Mlimba, na mavuno yakiisha tungehama na watoto. Miaka yote niliyocheza sikuwahi kuvaa jezi nje ya bonde hili. Niliitaka sana safari ile.

Sasa nieleze uwanja wetu ulivyo, maana bila hivyo hamtanielewa. Ni sakafu ya saruji, na saruji pana hapa kwetu wakati wa mavuno haiachwi wazi. Kina mama wanaanika mpunga. Kuanzia asubuhi wanatandika maturubai kwenye nusu yote ya goli la mbali, kisha wanazunguka hadi upande wa kulia wa goli la karibu, ambako jua halizibwi na ukumbi wa kanisa mpaka linapozama. Mpunga unaanuliwa magharibi, giza likiingia, na uwanja hauna taa. Kwa hiyo msimu mzima tunacheza kwenye goli moja, na hilo goli tunalitumia upande mmoja. Miezi mingine mvua na kilimo havituachii nafasi ya kucheza, kwa hiyo tumekua hivyo na hakuna anayeona ajabu.

Kocha alikuwa mgeni. Alikuja kutoka Dar es Salaam kikazi, akaomba kutufundisha jioni, na alifika mpunga ukiwa umeshatandikwa. Aliona maturubai, akayaheshimu, akapanga mazoezi yake kwenye kile kipande kilichobaki. Kila jioni alimtazama yule binti akifunga kutoka kona ya kushoto, akatikisa kichwa kwa furaha. Hakujua kwamba hiyo kona ya kushoto ndiyo kona pekee aliyonayo duniani.

Kwenye kona ya kulia palikuwa na mpunga wa mama yake. Mama huyo alikuwa na nafasi yake pale tangu yule binti akiwa mtoto, na binti alifundishwa mapema kwamba mguu wenye kiatu haukanyagi chakula. Mara nyingi tulipokuwa tukirudi nyumbani nilimwambia atafute muda, hata asubuhi kabla ya maturubai, ajifunze na kulia, kwa sababu siku akikutana na mkabaji anayejua kazi atakwama. Alicheka. Alisema mimi naona matatizo hata kwenye sahani ya wali.

Siku moja kabla ya kocha kutangaza uamuzi, wingu lilishuka kutoka Udzungwa katikati ya mchezo. Si msimu wa mvua, lakini milima ile haina adabu. Hapa kwetu, mvua ikitishia na mpunga uko nje, huulizi ni wa nani. Mpira uliachwa ukidunda wenyewe. Wachezaji, waendesha bodaboda, mama wa maandazi, sote tuliingia kwenye maturubai. Kocha alibaki na filimbi mdomoni kwa muda, halafu naye akaja, akawa anasomba mpunga kwa mikono kama anayechota maji.

Mimi na yule binti tulikwenda moja kwa moja kwenye mpunga wa mama yake. Nilishika mdomo wa gunia, yeye akamimina. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi. Tulicheka, tukakohoa kwa vumbi, tukavuta gunia la mwisho mpaka barazani kwenye ukumbi. Mama yake alitushukuru sana, akasema hali ya hewa haimridhishi, kesho hawatauanika, utabaki ndani mpaka mbingu itulie.

Nikiwa bado nimeshika lile gunia, kicheko kilinikatika. Kesho uwanja ungekuwa wazi wote.

Nilimtazama yule binti akikung'uta makapi kwenye nywele zake. Hakuwa amefikiria. Niliwaza kumwambia, nikawaza nimeshamwambia mara ngapi. Niliwaza kwamba kesho nikimkaba kama ninavyowakaba wengine nitamwanika mbele ya mji mzima, na nikimlegezea nitahamia Mlimba nikiwa mtu ambaye kazi yake hakuna aliyeiona. Tulirudi nyumbani pamoja kama kawaida. Alizungumza njia nzima, na mimi nikaitikia bila kusikia.

Kesho yake kocha alifurahi kuona saruji yote. Alitugawa timu mbili, akaniambia nimkabe yule binti, na akasema mbele ya wote kwamba leo ndipo atakapoamua. Waendesha bodaboda walijaa ukutani. Mama yake naye alikuja, akakaa kwenye ngazi za ukumbi na kanga mabegani.

Mpira wa kwanza alipopewa alielekea kushoto kwake. Nilikuwa nimeshasimama hapo. Akarudi nyuma, akatoa pasi. Mara ya pili alijaribu kunizunguka kwa kasi, nikamkuta tena palepale. Upande wa kulia niliuacha wazi, wazi kabisa, kama mlango wa nyumba yenye sherehe. Watu walipiga kelele, nenda kulia, nenda kulia, huyo amelala. Mmoja alimwuliza mwenzake kama nimeanza kuumwa.

Akaenda kulia. Alipokea mpira kwenye kona akiwa peke yake, bila mkono wa mtu mbele yake, na goli likimtazama. Halafu alifanya kitu ambacho nadhani ni mimi tu na mama yake tuliokielewa. Alitazama chini. Mguu wake ulisita pale pale ambapo ukingo wa turubai hukaa, akajivuta nyuma kidogo kuukwepa mpunga ambao haukuwepo. Mpira aliourusha haukugusa hata chuma.

Niliumia. Lakini sikutoka kushoto. Alirudishiwa mpira tena na tena, na kila mara nilimpa kulia, na kila mara macho yake yalishuka kwenye saruji kabla hajarusha. Hakufunga hata kimoja. Alipoanza kuomba asipewe mpira, nilimwonea uchungu, na bado nilisimama upande wake wa kushoto mpaka filimbi ya mwisho.

Kocha aliniita pembeni. Aliniuliza kama kona hiyo ya kulia nilimwachia makusudi. Nikamwambia ndiyo. Alitazama goli, akatazama barazani kulikokuwa na magunia, na nikaona hesabu ikimwingia kichwani. Akasema safari ni yangu.

Njiani yule binti alitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye njia panda ya kwetu alisimama bila kugeuka.

"Uliniambia kulia kwangu ni kubovu," alisema. "Sikujua kwamba ni wewe utakayenionyesha, dada."

"Ulitaka akuonyeshe mtu wa Morogoro?"

Aliingia kwao na kufunga mlango taratibu. Nilisimama pale na ushindi wangu, sikujua niuweke wapi. Sikujuta, na kutojuta huko kuliniogopesha.

Jua lilirudi siku iliyofuata. Nilikwenda uwanjani mapema kuliko kawaida, nikiwa nimejiandaa kutosalimiwa. Mama yake alikuwa ameinama akipindua mpunga. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanyooka akishika kiuno. Ndipo nilipoona kwamba amesimama upande usio wake. Maturubai yake yote yalikuwa kushoto, kwenye kivuli cha ukumbi, ambako mpunga huchukua muda mrefu kukauka.

"Mwanangu kanihamisha," alisema. "Kaniambia jana hiyo hiyo."

Nilimwangalia yule binti. Alikuwa kona ya kulia, peke yake, jasho limeshamlowesha shingo. Alirusha, akakosa, akaufuata mpira, akarudi palepale. Safari hii hakutazama chini. Aliponiona, aliushika mpira kifuani, na kwa muda nilidhani ataondoka.

"Njoo unikabe," alisema. "Unahama lini?"

"Mpunga ukiisha."

"Basi usinionee huruma."

Nilivua kandambili, nikavaa raba. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mikono yote miwili.