Mche wa Sabuni wa Kwenda Nao Tanga

Nichekeni, ila msinimalize. Mimi ni mwalimu wa jiografia hapa Rusimbi, mzaliwa wa Ujiji, na bahari nimeiona kwenye televisheni tu. Lakini walimu wenzangu walipoamua tukatembee Tanga mwezi wa sita, shule zikifungwa, mdomo wangu ukaropoka, "Tanga? Pale nimekaa miaka miwili." Papo hapo wakanifanya kiongozi wa safari.

Wiki nzima nikawa mtu wa pwani. Hata mlinzi wa getini nilimsalimia kwa madaha. Juzi kwenye kikao nikasimama, nikakohoa kidogo, nikasoma mpango wangu.

"Maji yasiwaumize kichwa. Asubuhi tunashuka ufukweni, kila mtu na mche wake wa sabuni. Tunaoga, tunafua, tunajaza madumu ya chai. Kama hapa ziwani tu."

Chumvi ya bahari naifundisha kila mwaka. Siku ile ilinitoka kichwani kabisa.

Mwalimu Mwanahamisi, aliyehamia kwetu mwezi uliopita, akanyoosha mkono kwa adabu.

"Samahani, kaka, mimi kwetu ni Tanga. Maji ya bahari sabuni haitoi povu, na chai yake hainyweki."

Nikacheka peke yangu. "Nilikuwa nawatania."

Mkuu wa shule akavua miwani, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Mwalimu, hiyo miaka miwili ulikuwa unaoga wapi?"