Poda ya Viungo kwa Mbwa wa Zamu Mbili

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Mbwa hakunionyesha mbwa hata mmoja. Alinipa gambuti zilizonizidi miguu, ufagio mgumu na sepetu, akaniambia nisafishe vibanda vyote kisha nirudi nimwambie nilichoona. Nilirudi nikamwambia nimeona uchafu. Akanirudisha. Mara ya pili nilimwambia kwamba katika kibanda cha mwisho kinyesi kilikuwa kimekanyagwa na kuburutwa, kana kwamba mbwa alishindwa kukaa sawa alipokuwa akijisaidia. Hapo aliweka kikombe chake cha chai chini.

"Sasa umeanza kazi, Mama Chebet," akasema. "Mbwa hawezi kusema mahali anaumwa. Wewe ndiye mudomo yake."

Alikuwa mzee wa Kikuyu, wazazi wake walihamia Timboroa zamani kulima viazi, naye alitunza mbwa jeshini mpaka alipostaafu. Kampuni yetu ya ulinzi ilikuwa nje kidogo ya mji wa Eldoret, upande wa barabara ya Iten. Tulilinda maghala, mashule na viwanda vya mbao. Askari wengine waliona ajabu mwanamke kupewa kazi ya mbwa, wakasema nitaolewa na mbwa kwa sababu nimeshakuwa mjane. Mkuu aliwaambia mbwa hajui kusoma kitambulisho, na maneno hayo yakaishia hapo.

Ninyi vijana ambao siku hizi mnasomea kazi hii vyuoni, acheni niwaambie ilivyofanywa wakati wetu. Mbwa waliporudi asubuhi kutoka lindoni, hatukuwapa chakula kwanza. Tuliwapima kwa mikono, kuanzia pua mpaka mkia. Masikio, meno, nyayo, kisha viungo: bega, kiwiko, goti na nyonga. Unashika mguu polepole, unaukunja na kuukunjua, huku umeweka kiganja cha mkono wa pili juu ya kiungo. Kiungo kizima huteleza kimya. Kilichoanza kuharibika hukwaruza, na mkwaruzo huo unausikia kwa kiganja kabla sikio halijasikia chochote.

Daktari wa mifugo aliyekuwa na mkataba nasi ndiye aliyenieleza kwa nini. Alikuwa mtu mpole aliyependa kuchora kwa kijiti udongoni. Mahali mifupa miwili inapokutana, alisema, ncha zake zimevishwa gegedu, kitu laini cheupe kama kile unachotafuna kwenye mfupa wa kuku. Katikati kuna ute unaoteleza kama mboga ya mrenda. Mbwa anayekimbia, anayeruka ukuta, anayelala kwenye baridi, anaimaliza ile gegedu kidogo kidogo. Na gegedu ikishalika hairudi.

Kwa sababu hiyo Mkuu hakukubali mbwa alale kwenye simiti. Kila kibanda kilikuwa na jukwaa la mbao, na juu yake gunia tulilojaza maganda ya mahindi, tukiyabadilisha kila yalipolowa. Pikap ilikuwa na ubao mrefu wa kupandia na kushukia. Askari aliyemwachia mbwa wake aruke kutoka juu ya pikap aliondolewa zamu. Tulimwona Mkuu kuwa mtu wa kizamani, yeye na sheria zake. Leo nikikumbuka, nashangaa tulivyopewa kitu kizuri bila kukijua.

Posti yangu ya kwanza nje ya mji ilikuwa Timboroa, kwenye yadi ya mbao karibu na msitu. Baridi ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Mbwa wakubwa waliamka asubuhi wamekakamaa, wakitembea kama wazee wanaoenda kanisani, mpaka jua liwapashe ndipo miili ilegee. Daktari alikuja kuwaona, akaleta kopo la poda. Ilikuwa na glukosamini, inayotolewa kwenye magamba ya wanyama wa baharini, na pamoja nayo chupa ya mafuta ya samaki. Nilimuuliza kama hiyo ndiyo dawa ya kuwaponya.

"Si dawa, ni kirutubisho," alisema. "Wengine kinawasaidia, wengine hutaona tofauti. Ngoja majuma kadhaa kabla hujakisifu wala kukitukana. Lakini Mama, ukimpa mbwa poda hii halafu umwache anenepe, umlaze kwenye baridi, na usimpumzishe, basi umemwaga poda yako kwenye mto."

Tulifanya alivyosema. Tulipunguza ugali, tukaongeza mboga na omena, wale dagaa wa ziwani, tukawatembeza kwenye nyasi taratibu kabla ya kazi, na poda tukaichanganya kwenye chakula. Wawili walichangamka. Mmoja alibaki vilevile, na Daktari akampa dawa ya maumivu ya mbwa, akitukanya kabisa tusiguse vidonge vya binadamu, kwani vinaweza kumuua mbwa. Huyo asiyebadilika, Mkuu alimstaafisha, akamchukua mwenyewe nyumbani kwake. Katika kampuni yetu mbwa alistaafu kama mtu.

Baadaye nilirudishwa Eldoret kuwa msimamizi wa vibanda. Huko ndiko nilikomlea Tina. Alikuwa jike la mbwa mchungaji wa Kijerumani, manyoya meusi mgongoni, sikio moja likilala kidogo akiwa anafikiri. Alifundishwa na Barasa, kijana wa Moi's Bridge, mtu wa maneno machache sana. Barasa hakuwahi kumpigia Tina kelele. Alimwambia jambo kwa sauti ya chini kama mtu anayemwomba jirani chumvi, na Tina alifanya. Wateja walimtaka Tina kwa jina.

Kisha Mkuu wa Mbwa alistaafu, na cheo chake kikafutwa. Sisi wa mbwa tukawekwa chini ya Meneja wa Operesheni, mtu mchangamfu, msafi, aliyevaa viatu ambavyo havikuwahi kuingia kwenye vibanda. Majukwaa ya mbao aliyaondoa juma la kwanza, akasema yanafuga viroboto na yanaonekana vibaya wateja wakitembelea. Ubao wa pikap ulitolewa ili mbwa zaidi waenee. Halafu akaanzisha kile alichokiita zamu mbili: mbwa aliyelinda usiku langoni aende mchana kwenye maghala.

Daktari alipokuja na kuona, alimwambia wazi kwamba mbwa hao wataharibika nyonga. Meneja hakubishana naye hata kidogo. Alimwomba amtajie virutubisho bora vya viungo kwa mbwa wanaofanya kazi nzito. Daktari akamtajia, akiongeza masharti yote niliyoyasikia Timboroa. Meneja aliagiza makopo, yakajaa stoo mpaka juu. Masharti hakuyaagiza. Mkataba wa Daktari ulipoisha haukuandikwa tena, na badala yake akaletwa mtu wa chanjo tu, aliyekuja akiitwa.

Makopo yale yalipigwa picha. Wateja walipokuja walipitishwa stoo kwanza, wakaambiwa hakuna kampuni nyingine bonde lote hili inayotunza viungo vya mbwa wake namna hii. Mimi nilisimama pale nimeshika ufunguo. Nyuma ya ukuta, mbwa walikuwa wamelala kwenye simiti.

Wakati wa mavuno Barasa na Tina walipelekwa Moi's Bridge, kwenye ghala la mahindi. Walikuwa wakirudi kwetu mara moja kwa juma ili Tina akaguliwe. Niliona miguu yake ya nyuma imeanza kwenda pamoja, akirukaruka kama sungura badala ya kuipishanisha. Ukiona hivyo jua ni nyonga. Kiganja changu kilisikia mkwaruzo. Nilikwenda ofisini kwa Meneja, nikamwambia Tina apumzishwe.

"Anakula poda?" aliniuliza.

Nikamjibu anakula.

"Basi ongeza kijiko."

Niliongeza kijiko, kwa kuwa hicho ndicho kitu pekee nilichoruhusiwa kuongeza. Barasa naye alifanya alichoweza. Alinunua gunia kwa fedha yake, akalijaza maganda, na alipokuwa zamu alimbeba Tina mikononi kumpandisha kwenye jukwaa la kupakilia, mbwa mzima mzito vile, huku wapakiaji wakimcheka.

Jioni moja, wakati malori yakipakiwa, wanaume watatu walimsukuma dereva nje na kujaribu kuondoka na lori lililojaa. Barasa alimwachia Tina. Tina alifanya kama alivyofunzwa: aliruka kutoka jukwaani moja kwa moja, na alipofika chini mguu wa nyuma ukakataa. Alianguka, akajaribu kusimama, akaanguka tena, na bado alikuwa akijivuta kuelekea lori. Mmoja wa wale watu alimwendea na rungu. Barasa aliruka akasimama juu ya mbwa wake, na rungu likatua kwenye mkono wake. Wapakiaji walipopiga kelele wezi wakakimbia na lori, likapatikana baadaye limekwama kwenye tope upande wa Moiben, nusu ya magunia hayapo.

Barasa alifutwa kazi akiwa bado na plasta. Sababu aliyopewa ni kwamba aliacha mali ya mteja akalinda mbwa.

Tina alirudishwa kwetu. Hakuweza kupanda hata kizingiti. Juma lililofuata Barasa alikuja getini kuomba apewe Tina aende naye nyumbani. Alinieleza mpango wake wote: mama yake ana jiko la kuni, mbwa atalala kando yake, udongo wa kwao ni laini, hakuna mahali pa kuruka. Nilimwambia anisubiri, nikaenda kwa Meneja. Nilimweleza kwamba zamani Mkuu alimchukua mbwa mstaafu nyumbani kwake na hakuna aliyedhurika. Nilimwambia kampuni haitapoteza chochote.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hilo silikatai. Kisha akasema, "Mama Chebet, mbwa anayechechemea kijijini na watu wanajua ametoka kwetu, huyo ni tangazo baya. Mwite yule mtu wa chanjo, aje na sindano ya mwisho."

"Huyo kijana amevunjika mkono kwa ajili yake," nikasema.

"Ndiyo maana simpi. Nikimpa, nimesema alifanya sawa," akajibu, akarudi kwenye simu yake.

Nilitoka nje nikampigia simu mtu wa sindano. Nilikuwa na watoto shuleni na hakuna mume. Kila aliyewahi kuajiriwa anajua hesabu hiyo inavyokwenda.

Barasa alikatazwa kuingia ndani. Nilimtoa Tina kibandani kwa kitambaa nilichompitisha chini ya tumbo, nikiinua sehemu yake ya nyuma ili atembee kwa miguu ya mbele, tukaenda taratibu mpaka getini. Askari wa geti alituona tunakuja, akageuka akatazama barabara. Barasa alipitisha mkono wake usio na plasta kwenye wavu. Alikuwa amekuja na ugali mkavu kwenye karatasi. Tina alikula kiganjani mwake, polepole, kisha akaegemeza kichwa chake kwenye wavu na hakukiondoa. Barasa aliongea naye kwa ile sauti yake ya chini. Sikusikia maneno, wala sikutaka kuyasikia, hayakuwa yangu.

Mtu wa sindano alitaka kumdunga palepale kwenye simiti. Nilivua sweta yangu nikaitandika chini yake. Nilishika kichwa chake. Alikwenda bila kusumbua mtu, jinsi alivyofanya kazi yake yote.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine kadhaa. Mbwa walipungua, wengine kwa nyonga, wengine kwa uzee uliokuja kabla ya wakati. Mwishowe kampuni ilifunga kitengo chote cha mbwa, ikaweka kamera, na mimi nikastaafishwa. Walinifanyia sherehe ya chai ofisini. Meneja, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi Msaidizi, alitoa hotuba akanisifu kwa kulinda afya ya mbwa, kisha akanikabidhi zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya kung'aa. Lilikuwa kopo la poda ya viungo. Alisema ni la mbwa wangu wa nyumbani. Mimi sina mbwa. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda wote huo na hakujua. Niliagana na wenzangu, kopo nikaliacha pale mezani kati ya vikombe.

Siku hizi Eldoret imejaa vijana wanaokimbia mazoezi asubuhi na mbwa wao, na kwenye agroveti, maduka ya dawa za mifugo, rafu nzima ni ya poda, vidonge na mafuta ya viungo. Huniuliza ipi ni nzuri. Mimi siichukii poda. Nimeona mbwa wakisaidika. Lakini nikianza kuuliza mbwa analala wapi, ana uzito gani, anakimbizwa kwenye lami au kwenye nyasi, naona macho yao yanarudi kwenye rafu. Kitu cha kununuliwa ni rahisi. Kumpumzisha anayekutumikia ndiyo kazi ngumu, na wakubwa niliowatumikia, isipokuwa mmoja, hawakuiweza.

Mwaka jana nilikwenda Moi's Bridge kwa mazishi ya mtu wa kanisani kwetu, nikakutana na Barasa sokoni. Analima shamba la watu. Mkono wake haukunyooka tena. Tulisalimiana, akaniulizia watoto, nikamwulizia mama yake. Halafu akauliza jambo ambalo nadhani alilibeba tangu siku ile ya geti: kama sindano ilimuuma Tina.

Nilimwambia ukweli. Sindano haikumuuma. Yaliyomuuma yote yalikuwa yametangulia.