Vyumba Sita vya Birago

Siku hizi Birago huketi barazani kwake Tafo, pembeni ya Kumasi, meno yamebaki ya kuhesabika, na akianza habari za vyumba vyake sita hanyamazi mpaka chai ipoe. Wajukuu wamezichoka. Shauri yao.

Nyumba ile aliijenga kwa kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, aliyoyauza stendi ya malori miaka kumi na miwili. Biashara ikichangamka, mifuko miwili ya saruji, ikidorora, mmoja. Hakuwa na mume, wala mtu wa kumfundisha mambo ya kupangisha. Alitaka kitu kimoja tu: akizeeka asile kwa kuombaomba. Ah, asubuhi ile ya mpangaji wa kwanza! Chokaa ilikuwa mbichi bado, na Araba, fundi cherehani mjane, alikwishafika na godoro lake.

Kosa la Birago lilitokana na adabu. Nyumba haifunguliwi bila tambiko, kwa hiyo alimwita mjomba wake Wiredu, mkuu wa ukoo wa mama, aliyemlea tangu utotoni. Mzee akamimina kinywaji chini.

"Wazee wetu, karibuni mnywe! Binti yenu ameujengea ukoo nyumba. Ndugu asiye na pa kulala, alale hapa!"

"Na iwe!" wakaitikia binamu waliokuja naye, wengine tayari wanachungulia vyumba.

Mjomba akampa Birago glasi amalizie. Akinywa, amekubali mbele ya mashahidi kwamba nyumba ni ya ukoo, na ndugu hatozwi kodi. Birago akaipokea glasi, asinywe.

"Mjomba, rudia."

"Nirudie nini?"

"Waambie wazee ukweli. Nyumba ni yangu, ya kupangisha."

"We mtoto, una wazimu? Wageni walale ndani, ndugu zako nje?"

"Hao ndugu walikuwa wapi nilipobeba maji ya kufyatulia matofali?"

"Loo! Kenkey imempanda kichwani," binamu mmoja akacheka.

Birago akaiweka glasi chini, imejaa vilevile. Akamgeukia Araba: "Dada, ingiza godoro lako."

Mjomba hakumsemesha miaka minne. Hata msibani walikaa mbalimbali. Vyumba vilijaa, kodi ikaingia, lakini Birago anakiri kwamba alilia sana miaka ile. Alimkosa mjomba wake, basi.

Kisha asubuhi moja Wiredu akapiga hodi, amekonda, nguo zake kikapuni. Kwenye nyumba ya ukoo alikokuwa akiishi, wapwa walikuwa wamegombania chumba chake mpaka wakamtoa.

"Mama mwenye nyumba, una chumba?"

"Mjomba, acha utani. Ingia."

"Siingii bure. Kodi kiasi gani?"

Birago alimtajia nusu ya kodi, naye akalipa kila mwezi bila kukumbushwa. Haukupita muda, binamu walewale wakaja na mikeka, eti kumtunza mzee. Birago alikuwa uani akisonga unga wa kenkey motoni aliposikia bakora ya mjomba ikigonga mlango wa mbele.

"Mnakwenda wapi na mikeka? Hii nyumba ni ya Birago! Hata mimi humu ni mpangaji. Anayetaka kulala, akazungumze na mwenyewe!"

Wapangaji wote walitoka milangoni kutazama. Birago alisimama na mwiko mkononi, machozi yanamtoka, na unga ukaungua wote.