Kakenya Arudishwa Kwao

Kakenya alizaliwa alfajiri, na kwa Kimaasai asubuhi ni enkakenya, kwa hiyo hakuna aliyeumiza kichwa kumtafutia jina. Alizaliwa bomani kwa baba yake huko Soitsambu, akasoma mpaka darasa la nne, akaolewa Enguserosambu, akazaa, akafiwa na mume. Mwaka ule ukame ulipomaliza ng'ombe wake akafunga vibuyu vyake kwa kanga na kuhamia Karatu. Sasa alikuwa na mwaka wa kumi na moja akiuza mtindi nyuma ya gereji ya fundi mmoja Mmbulu, Piusi.

Kwa miaka hamsini na minne hakuna mtu aliyelishuku jina lake. Ilihitajika mtu aliyesoma.

Mtu huyo alikuwa Fabian, mkuu wa kikosi cha ukaguzi wa wakazi, kijana mwenye suruali iliyopigwa pasi mpaka mkunjo ukawa kama wembe. Msimu huo redio na mikutano ya hadhara haikuwa na habari nyingine ila wahamiaji haramu. Walijaza shule, walimaliza majani, walipandisha hata bei ya vitunguu. Kakenya, Mlutheri wa kila Jumapili, alikuwa akisikia neno haramu likitajwa juu ya nyama ya nguruwe tu. Alidhani hao watu wanakuja na nguruwe.

Jumanne moja saa nne kikosi kikaingia gereji. Wa kwanza kukutana nao alikuwa Bwana Henrik, mzungu aliyekuja kutazama tembo kwa wiki mbili na sasa alikuwa na mwaka wa saba. Alikuwa ameegemea gari lake akinywa mtindi wa Kakenya.

"Karibu sana Tanzania," Fabian akamwambia huku akitabasamu meno yote.

"Nimeshakaribia miaka saba," Henrik akajibu.

Kikosi kizima kikacheka. Kibali chake hakikuulizwa. Mzungu hahami, mzungu anatembelea, hata akitembelea mpaka mvi zikamwota. Kisha Fabian akamgeukia muuza maziwa.

"Jina?"

"Kakenya."

Fabian akaacha kuandika. Akamtazama msaidizi wake, Lazaro, kama mtu aliyeokota almasi barabarani. "Ka nani?"

"Kakenya."

"Ka-Kenya," akarudia polepole. "Yaani mama huoni hata aibu. Wenzako wanajificha."

Kakenya akadhani ni utani, akacheka. Akaeleza habari ya asubuhi, lakini Fabian hakujua Kimaasai na hakupenda kufundishwa kazini. Akadai cheti cha kuzaliwa. Kakenya hakuwa nacho. Mkunga wake alikuwa bibi yake mwenyewe, na bibi hakuwa na mhuri.

"Baba yako alizaliwa wapi?"

"Bomani."

"Boma lipi?"

"Lilihamahama, mwanangu. Lilikuwa linafuata majani."

"Majani ya nchi gani?"

Kakenya akafikiri kwa makini, maana alitaka kujibu vizuri. "Mabichi," akasema.

Lazaro akageuka kukohoa. Fabian akamwamuru mama aimbe wimbo wa taifa. Kakenya akavuta kanga begani, akasimama wima kama alivyofundishwa darasa la pili, akaimba ubeti wa kwanza. Alipomaliza hakuketi, akaingia ubeti wa pili. Mafundi waliokuwa chini ya magari wakatoka, wakasimama na spana mikononi. Kwenye ubeti wa pili midomo ya kikosi ikaanza kwenda ovyo, na Fabian akajifanya anasoma faili.

"Umejiandaa sana," akasema Kakenya alipomaliza. "Raia wa kweli hajiandai hivyo."

Piusi akatoka na mafuta mpaka viwikoni. "Afande, huyu Yeyo, yaani mama kwa Kimaasai, namjua tangu nijenge hii gereji. Babu zetu walichukuliana ng'ombe na kuchomeana nyumba. Mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumkana. Lakini ni wa hapa."

"Wewe ni shahidi wa gereji," Fabian akamjibu. "Serikali inataka karatasi."

Kakenya akaomba kitu kimoja, afunike maziwa yasiingie inzi. Akakubaliwa. Kisha akapandishwa nyuma ya gari. Alikaa siku mbili mahabusu, chumba kimoja na wanawake wawili ambao hawakujua neno la lugha yoyote aliyoijua. Siku ya tatu Fabian akaamua kwamba kesi ingechukua muda, na kwamba kwa mtu aliyejitaja kwa jina la nchi yake mwenyewe, ushahidi ulikuwa umetosha. Akaandika kwenye fomu: arudishwe kwao.

Safari hadi mpakani ilimalizika saa tisa alasiri. Kakenya hakuwahi kufika Kenya maishani mwake. Ng'ombe wa baba yake labda waliwahi, wao hawakusoma vibao. Njia nzima alikuwa akijiuliza atawaambia nini watu wa huko, na je, akifa huko nani atajua azikwe wapi.

Fabian akamkabidhi kwa afisa wa Kenya, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Afisa akamtazama juu mpaka chini.

"Mama, uko na kitambulisho?"

"Hujambo, mwanangu," Kakenya akaanza. "Poleni na kazi. Samahani sana kwa usumbufu. Kabla hatujazungumza, naomba maji ya kunywa, kama yapo."

Afisa akavua miwani. Akamwita mwenzake wa meza ya pili. "Kuja usikie. Mama, hebu sema tena."

"Naomba maji ya kunywa. Samahani."

Wakacheka mpaka mmoja akashika meza. "Huyu si wetu," afisa akamwambia Fabian. "Wetu angesema nipee maji, tena angekuwa ameshayachukua. Hii adabu yote inatoka kwenu. Mrudishe."

Fabian akakataa. Alikuwa na fomu. Afisa naye akakataa, kwa sababu hakuwa na fomu ya kumpokea. Wakati wakibishana, Kakenya akaambiwa asubiri kati ya vizuizi viwili, pale penye lami isiyo na mwenyewe. Akatandika kanga, akaketi. Malori yakawa yanapita yakielekea huku na huku, yamejaa saruji na mahindi, na kila moja lilikuwa na karatasi zake. Hapo ndipo alipolia, si kwa sauti. Kisha akapata hasira, na hasira ikamfaa kuliko machozi. Akainuka, akarudi mezani.

"Kama hunitaki," akamwambia afisa wa Kenya, "niandikie kwamba hunitaki."

Akaandikiwa. Ukurasa mmoja kwa Kiingereza, mihuri miwili, sahihi mbili: baada ya uchunguzi imebainika pasipo shaka kwamba mama huyu si Mkenya na hajawahi kuwa, bali ni Mtanzania wa Soitsambu. Lazaro alimsomea na kumtafsiria ndani ya gari wakirudi. Fabian, ambaye hakuwa na fomu ya kuipinga barua hiyo, alikaa kiti cha mbele akitazama dirishani.

Wiki iliyofuata Kakenya akaenda na barua hiyo kujiandikisha kitambulisho cha taifa. Karani aliyewahi kumrudisha mara tatu kwa kukosa cheti akaisoma mara mbili, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Mama, hii umeipata wapi?"

"Kenya."

"Na Kenya wanasema wewe ni Mtanzania?"

"Ndiyo. Wa hapa walikuwa hawana uhakika."

Karani akaifanyia nakala, akapiga mhuri. Kitambulisho kilitoka baada ya miezi minne. Bwana Henrik alikuwa wa kwanza kumpongeza, akaagiza mtindi vikombe viwili.

Mwezi huohuo kikosi kilikamata wanaume watatu waliokuwa wakivuna vitunguu. Hao walikuwa wageni kweli, wametoka mbali, hawana karatasi yoyote. Gereji nzima ikasema afadhali, safari hii wamewapata wenyewe. Kakenya akajaza kibuyu, akaenda nacho mahabusu.

Zamu ilikuwa ya Lazaro. "Mama, hao ni ndugu zako?"

"Hapana."

"Unawafahamu?"

"Siwafahamu."

"Hao ni haramu kweli, mama. Wamekiri wenyewe. Sasa maziwa ya nini?"

"Wamekula lini?"

Lazaro akatazama daftari la zamu, ingawa alijua kwamba jambo hilo haliandikwi humo. Akachukua funguo.