Kahawa ya Maganda

Nilizaliwa kwenye kahawa. Nyumba yetu iko milimani, upande wa Mbinga, na mibuni imeizunguka mpaka karibu na ukuta wa jiko. Mtoto wa kwetu hujua kuchuma mbivu na kuacha mbichi kabla hajajua kusoma. Pamoja na hayo, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto nilipoonja kwa mara ya kwanza kinywaji kilichonifanya nilitazame shamba letu upya. Nilikionja ugenini, na hakikuwa hata kahawa kama tunavyoijua. Yalikuwa maganda.

Chama chetu cha wakulima kilipata nafasi ya kupeleka wanawake wachache Ethiopia, tukaone wenzetu wanavyolima. Mimi nilichaguliwa kwa sababu baba alipofariki niliendelea na shamba pamoja na mama, wakati majirani wengi walidhani tutang'oa mibuni tupande mahindi. Asubuhi ya safari mama hakunipa maneno mengi.

"Ukifika huko, kunywa na kula wanachokupa," alisema. "Usinitie aibu."

Ziara ilikuwa nzuri lakini ya kuchosha. Tulipanda vilima, tukatazama vitalu, tukapiga picha. Karibu na mwisho tulipelekwa kijiji kimoja cha mashariki, kwa mama mmoja mjane, mrefu, mwembamba, aliyejifunga mtandio wa njano. Mwenyeji aliyetuongoza alikuwa ameishi Nairobi miaka mingi, akajua Kiswahili, kwa hiyo yeye ndiye aliyetutafsiria. Tulikaa kwenye baraza ya udongo ndani ya nyumba. Yule mama alitoa chungu jikoni, akatumiminia kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono kinywaji cha rangi ya hudhurungi chenye maziwa.

Nilidhani ni chai. Nilipiga funda kubwa, na mdomo wangu wote ukakataa. Kilikuwa na chumvi. Nyuma ya chumvi kulikuwa na kitu kingine, kama tunda lililokauka juani likapitiwa na moshi. Mwenzangu aliyekaa kulia kwangu alikuwa ameshaweka kikombe chake chini, taratibu, kama mtu anayetaka kisionekane.

"Hii ni nini?" nilimuuliza mwenyeji wetu.

"Maganda ya kahawa," alisema. "Yale ya nje. Wanayakausha, wanayakaanga kidogo, kisha wanayachemsha muda mrefu na kutia maziwa na chumvi."

Niliwaza maganda ya kwetu. Msimu wa kumenya kahawa yanarundikana kando ya mashine, mekundu siku ya kwanza, meusi siku zinazofuata, yenye nzi na harufu kali inayoingia hadi kwenye nguo. Mwenye nguvu huyabeba kwenda kutengeneza samadi. Asiye na nguvu huyaacha yaoze hapo hapo. Sasa nilikuwa nimeketi nyumbani kwa watu, ganda lile lile likiwa kwenye kikombe nilichopewa kwa heshima.

Nilikumbuka nilivyoagizwa na mama, nikanywa tena. Safari hii ulimi ulijua unachokutana nacho. Chumvi ilikaa pembeni na ule utamu wa tunda ukaja mbele. Nilimaliza kikombe, nikakinyoosha mbele kuomba kingine. Yule mama alicheka kwa furaha, akanimiminia, akaanza kuzungumza kwa kirefu huku akinitazama mimi.

"Anasema zamani mbegu zote zilikwenda sokoni," mwenyeji wetu alitafsiri. "Bibi yake hakuwahi kuonja mbegu ya shamba lake mwenyewe. Maganda ndiyo yaliyobaki nyumbani, wakaamua hayo yatakuwa yao. Siku hizi akitaka kunywa mbegu anakunywa. Lakini mgeni anayemfurahia anampa hii."

"Mwambie hata kwetu mbegu zote zinakwenda sokoni," nilisema. "Ila maganda tunatupa."

Mwenyeji wetu akamwambia. Yule mama aliacha kucheka. Aliuliza neno moja tu, na halikuhitaji mkalimani. Uso wake ulishauliza. Kwa nini? Tulipotaka kuondoka alinivuta mkono, akanionyesha mtungi alimohifadhi maganda yake. Alichukua moja akalivunja kwa vidole. Lilikatika kwa mlio mkavu, kama ukuni mwembamba. Aliniwekea jingine kiganjani nilivunje mwenyewe, nijue lilivyo likishakauka sawasawa. Nikiwa bado nimelishika, niliamua kwamba nikifika nyumbani nitayafanya haya, na mama yangu atakunywa.

Niliporudi nyumbani nilimsimulia mama, naye alinisikiliza hadi mwisho huku akipembua maharage.

"Maganda ni ya samadi," alisema. "Hao wanakunywa kwa shida au kwa kutojua?"

"Kwa sababu ni matamu, mama."

"Umesema yana chumvi."

Sikubishana naye. Nilingoja mavuno. Niliacha mistari miwili ya chini, ile iliyo karibu na migomba, bila kupulizia dawa ya chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa, kwa maana sikutaka kumnywesha mtu dawa. Mibuni ile ikapata ugonjwa kidogo, na mama aliona. Tulipomenya, nilichukua maganda yake yakiwa bado mabichi, nikayaosha, nikayatandaza kwenye kichanja nyuma ya nyumba.

Yalioza. Milimani kwetu wakati wa mavuno ni baridi na ukungu. Jua hutoka limechelewa na kuondoka mapema, na katikati ya mchana yaweza kunyesha manyunyu yasiyotarajiwa. Mbegu zikiwa na ngozi yake huvumilia. Ganda lenye maji na sukari halivumilii. Lilianza kunuka siki, kisha likaota ukungu mweupe. Mama aliyazoa yote kwa jembe, akayamwaga kwenye shimo la samadi.

Ndipo nikafikiria ziwani. Mume wangu ni mtu wa Mbamba Bay, kando ya ziwa, na dada yake bado anaishi kule, akikausha usipa, wale dagaa wa ziwani, na kuuza. Jua la kule si la kwetu, na upepo wa mwera, ule wa kusini, hauchoki. Nilijaza maganda mapya kwenye ndoo, nikateremka nayo asubuhi ile ile yalipomenywa.

"Wifi, hiyo ni nini?" aliniuliza aliponipokea. Nilimweleza. Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mfiwa. Hata hivyo alinipa sehemu ya kichanja chake, pembeni ya usipa.

Baada ya siku chache yalikuwa yamekauka vizuri ajabu. Yalivunjika kwa mlio ule ule nilioujua. Tukayachemsha jioni, tukatia maziwa na chumvi, wifi akaonja wa kwanza. Alitafakari.

"Wifi," alisema, "hii ni supu ya samaki."

Nilionja. Ilikuwa supu ya samaki. Tulicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini, na wifi akampa naye kikombe aonje mwenyewe. Lakini nilipolala sikuwa nacheka. Kufikia asubuhi nilikuwa nimeamua kurudi juu kuchukua maganda mengine kabla mistari ile miwili haijaisha kuchumwa.

Nilipofika nyumbani, mume wangu aliniuliza kama kweli ninasafiri mlima mzima kwa ajili ya takataka. Nilimjibu kwamba ninasafiri kwa ajili ya maganda, na takataka ni neno lake. Aliingia ndani, akatoka na kamba na wavu wa zamani, akanisaidia kufunga mzigo.

Safari hii nilijenga kichanja changu mwenyewe, cha mianzi na ule wavu, upande wa pili wa mawe makubwa ya ufukweni, mahali ambapo upepo unatoka ziwani kabla haujapita kwenye usipa wa mtu yeyote. Nilikaa nayo. Niligeuza maganda kwa mkono, niliyafunika jua lilipozama yasipate umande, nilifukuza kuku. Wanawake waliopita kwenda kuchota maji waliuliza kama ni dawa. Niliwaambia ni kahawa. Mmoja alisema ameishi miaka yote akiona malori ya kahawa yakipita, na hakuwahi kufikiri ina nguo. Nilimpa ganda alinuse. Alilinusa, akaliweka mdomoni, akaendelea na safari yake akilitafuna.

Yalipokuwa tayari niliyafunga kwenye mfuko, nikapanda nayo nyumbani. Nilifika mama akiwa ametoka kanisani, bado amevaa kitenge chake cha Jumapili. Nilikaanga maganda kwenye sufuria kavu mpaka harufu ikajaa jiko, nikatia maji, nikaacha yachemke, nikaongeza maziwa na chumvi kidogo. Nilimmiminia kwenye kikombe, nikampa kwa mikono miwili.

"Mama, karibu."

Alikipokea kikombe. Alionja kidogo sana, akakiweka chini. Nilijua ameshindwa. Kisha akakiinua tena.

"Nilipoolewa," alisema, "baba mkwe aliniambia mwanamke wa nyumba hii hanywi kahawa. Alisema akizoea atamaliza mali. Sikuuliza. Nimechuma kahawa hii mpaka mgongo umepinda, wala sikuuliza."

Sikuwa nimewahi kulisikia jambo hilo. Maisha yangu yote nilidhani mama haipendi kahawa tu, kama vile wengine wasivyopenda bamia.

Alikunywa mpaka mwisho, polepole, akiangalia mlango ulio wazi na mibuni iliyo nje. Alifuta mdomo kwa pembe ya kitenge.

"Umezidisha chumvi," alisema. "Na mwakani mistari miwili haitatosha. Tuache mitano."

Tuliacha mitano. Sehemu ya mibuni ile ilipata ugonjwa, na tulijua itapata. Tulipogoa zaidi, tukachuma mapema zaidi, na mama mwenyewe aliikagua kila asubuhi akiegemea fimbo. Sasa kila mavuno ninateremka Mbamba Bay na ndoo zangu, na wifi ameshaacha kunionea huruma. Kichanja changu anakijenga yeye kabla sijafika. Wapo majirani wanaosema tumekosa kazi. Wakija nyumbani sifichi kitu. Ninawaambia kwanza kwamba haya ni maganda, yale yale wanayoyaruka pale mashineni, halafu ninawamiminia.